Miaka Minane Kati ya D3100 na D3500

Nyumbani kwetu kuna kamera mbili za Nikon, zote za daraja la mtu anayeanza. D3100 ilitangazwa Agosti 2010, D3500 ikatangazwa Agosti 2018. Ya kwanza niliinunua mtumba Kariakoo. Ya pili ilikuja baadaye, mdogo wangu aliponiambia, "Dada, na mimi nataka nishike kamera," tukawa tunakwenda kazini wawili: send-off Sinza, kipaimara Mbagala, mahafali, harusi za Tabata zinazochelewa kuanza na kuchelewa zaidi kuisha. Kwa hiyo sizilinganishi kwa kusoma maandishi ya kwenye boksi. Nimezitumia siku moja, ukumbi mmoja, kwa watu walewale, halafu nikakaa na picha zake usiku kwenye laptop.

Swali ninaloulizwa sana ni la mwenye hela ya kubana: anunue bodi mpya (kamera yenyewe bila lenzi) na lenzi yake ya boksi, ile inayouzwa pamoja nayo, au achukue bodi ya zamani ile hela inayobaki imfanyie jambo lingine? Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa anayeanza hapa Dar na anategemea shughuli za watu, achukue D3100 iliyo nzima aiwekee lenzi ya 35mm f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa na mwanga unaingia mwingi). Ataishinda D3500 yenye lenzi ya boksi pale penye kazi ngumu kuliko zote, yaani ukumbini. Lakini yako maeneo ambayo D3500 imeiacha D3100 mbali, na moja linatugusa sisi wenye ngozi nyeusi moja kwa moja, kwa hiyo nalo nitalieleza kwa kirefu.

Kwanza tuiondoe njiani namba inayowachanganya watu. D3100 ina megapikseli 14.2, D3500 ina 24.2. Ukisikia hivyo unaona kama picha imekaribia kuwa mara mbili. Hebu pima upande wake: ya zamani inatoa picha ya pikseli 4608 kwa 3072, mpya inatoa 6000 kwa 4000. Upande mrefu umeongezeka kwa asilimia 30 hivi, basi. Ukisafisha picha ya D3100 kwa nukta 300 kila inchi, unapata inchi 15 kwa 10, ambayo A4 inaingia humo na nafasi ya kukata pembeni inabaki. Inaanza kupungukiwa kidogo ukifika A3. Wateja wangu wanataka nini? Albamu ya 5 kwa 7, moja ya A4 ya kuweka sebuleni, na zilizobaki zote WhatsApp, ambako zitabanwa hata ungepiga na kamera ya bei gani. Megapikseli za ziada nimeziona faida yake mdogo wangu anapokuwa amesimama nyuma kanisani na hana lenzi ndefu. Anapiga pana, kisha anakata katikati, na uso wa bi harusi bado unasomeka. Nje ya hapo sijawahi kusikia mteja akilalamika kwamba picha fulani ilitoka kwenye kamera ya zamani. Hawajui hata ipi imetoka wapi.

Sasa ukumbi.

Anayepiga shughuli Dar anaijua ile dakika. MC anatangaza maharusi wako mlangoni, taa kubwa zinazimwa, zinabaki zile za LED za zambarau na buluu zinazozunguka, na ya mtu wa video ambaye leo anaiwasha na kesho haiwashi. Muziki unapanda, shangazi wanapiga vigelegele, wenye simu wanajaa njiani. Hapo ndipo kamera inajulikana.

Lenzi ya boksi ni 18-55mm yenye tundu la f/3.5 ukiwa umepanua kabisa na f/5.6 ukiwa umevuta hadi mwisho. Ukifika kwenye 35mm hivi, ambapo ndipo unapata mtu kuanzia magotini hadi kichwani bila kumkaribia mno, tundu lake halifunguki zaidi ya karibu f/5. Lenzi ya 35mm f/1.8G inafunguka hadi f/1.8. Kwa hesabu ya mwanga, kutoka f/5 kwenda f/1.8 ni karibu mara nane. Maana yake, pale ambapo mdogo wangu na D3500 alilazimika kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuupokea mwanga, hadi 6400 ili shata, ile pazia ya kamera, ifunguke kwa 1/125 ya sekunde tu watu wasitoke wametikisika kwenye picha, mimi na D3100 nilikuwa ISO 800.

Tofauti hiyo niliiona kwa macho katika send-off moja ya Sinza. Mama mzazi wa bi harusi alivaa shanga za rangi ya dhahabu, ndogondogo, safu kadhaa shingoni, juu ya kitenge cha bluu. Tulimpiga wote wawili, tumesimama karibu bega kwa bega. Kwenye picha ya D3500, ISO 6400, kamera yenyewe ilikuwa imezipiga pasi zile chenga (nukta za rangi zinazotokea ISO ikipanda) ili zisionekane, na pamoja na chenga ikapiga pasi shanga: zilikuwa utepe mmoja unaong'aa. Kwenye ya D3100 shanga zilitengana. Ungeweza kuzihesabu safu ya juu, na mikunjo midogo pembeni ya jicho lake ilikuwepo, ile inayomfanya awe yeye. Familia walipochagua ya ukutani walichagua hiyo.

Tuliporudi nyumbani tulifanya jambo la haki, tukabadilishana. Ile 35mm tukaivalisha D3500, tukapiga sebuleni usiku kwa taa moja, tundu lilelile, ISO 3200 kwa zote mbili. Hapo D3500 ilishinda bila ubishi. ISO 3200 ndiyo mwisho wa kawaida wa D3100. Unaweza kuilazimisha zaidi hadi 12800, lakini rangi zinakufa. D3500 inakwenda hadi 25600, na ile 3200 yake inatumika bila wasiwasi. Kwa hiyo sensa mpya, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni bora, hilo halina mjadala. Ninachosema ni kwamba ubora huo wa miaka minane lenzi moja inaufunika, na kwa mtumba lenzi hiyo mara nyingi inapatikana kwa hela ndogo kuliko tofauti ya bei kati ya bodi hizi mbili.

Ila 35mm ina sharti lake. Kwenye f/1.8 eneo lililo kwenye fokasi ni jembamba. Kamati nzima ikipanga safu tatu, ukipiga na f/1.8 safu ya mbele itakuwa safi na ya nyuma itakuwa ukungu, na wa nyuma ndio wazee waliochanga sana. Kwa picha za safu funga hadi f/4 au f/5.6, washa flashi. f/1.8 ni ya mtu mmoja au wawili waliosimama sambamba.

Kuna jambo lililonishangaza nilipozisoma sifa za kamera hizi kwa makini. Mfumo wa fokasi ni uleule. D3100 inatumia Multi-CAM 1000 yenye nukta 11, na D3500, miaka minane baadaye, inatumia Multi-CAM 1000 yenye nukta 11. Katika zote mbili ni nukta ya katikati peke yake inayosoma mistari ya wima na ya mlalo kwa pamoja. Zile za pembeni kwenye giza zinahangaika, zinakwenda na kurudi, na wakati zinahangaika bi harusi ameshapita. Dawa ni moja kwa zote: weka nukta ya katikati, lenga kwenye jicho au ukingo wa shela penye weusi na weupe, bonyeza shata nusu, hamisha fremu, piga. Mdogo wangu alidhani bodi mpya itamwondolea kazi hiyo. Haikumwondolea.

Kasi ndiyo imebadilika. Ya zamani inapiga picha 3 kwa sekunde, mpya 5. Kwenye kulishana keki sioni haja ya hizo tano, kwa sababu maharusi wenyewe wanasubiri mpiga picha. Kwenye kutuza ndiyo unaziona: noti inarushwa, mchezaji anageuka, mtoto anakimbia kuokota, na kati ya picha ya pili na ya tatu ya D3100 kuna pengo ambalo jambo zuri linaweza kupotelea humo.

Nije kwenye lile la ngozi, ambalo kwangu ndilo sababu halisi ya mtu mwenye uwezo kununua D3500.

Peleka maharusi Coco Beach saa saba mchana, kwa sababu ratiba ya kamati imesema hivyo na huwezi kuibishia. Gauni jeupe, mchanga mweupe, anga linawaka, na katikati ya weupe wote huo kuna nyuso mbili nyeusi. Kipima mwanga cha kamera yoyote kinajaribu kuleta fremu nzima iwe ya kati, si ya giza wala ya kuwaka. Kikiona weupe mwingi kinapunguza mwanga. Gauni linatoka vizuri, nyuso zinatoka kama hazijanawa jua. Ukiongeza mwanga ili nyuso zipone, gauni linaungua, mishono na lesi inapotea, na bi harusi gauni lake ameliangalia kwa miezi. Huko kwa wenye ngozi nyeupe tatizo hili lipo, lakini umbali kati ya uso na gauni ni mfupi. Kwetu ni mrefu.

Njia ninayoifuata ni kupiga NEF, faili ghafi la Nikon, siyo JPEG peke yake, nikilinda gauni lisiungue, kisha nyumbani kwenye laptop naziinua nyuso. Hapo ndipo miaka minane inapoonekana. Ukiinua kivuli cha D3100 kwa kiasi kikubwa, shavu linaanza kutoa chenga za kijani na zambarau, na ngozi inapoteza ule mng'ao wa kahawia inayokuwa nao juani, inakuwa ya kijivu. Ukiinua kivuli kilekile cha D3500, ngozi inapanda na rangi yake. Sensa ya zamani ina upana wa mwanga, kutoka giza hadi weupe, wa kama stopu 11 (kila stopu ni mwanga mara mbili), mpya inakaribia 14. Stopu hizo mbili na zaidi, mtu akipiga maua au majengo, anaweza asizione mwaka mzima. Anayepiga watu weusi waliovaa nguo nyeupe juani anaziona kila Jumamosi. Kama kazi yako ni ya nje mchana kuliko ukumbini, basi ushauri wangu wa mwanzo ugeuze. Chukua D3500 hata kama itabaki na lenzi ya boksi, kwa sababu f/8 mchana inatosha na 35mm haitakusaidia kitu hapo.

Wenye D3100 msikate tamaa. Kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga, au hata karatasi ngumu nyeupe ya steshenari, kikishikwa na msimamizi upande wa chini wa uso, kinapunguza umbali huo kabla hujabonyeza shata. Nimekitumia sana na bado nakitumia.

Sasa yale yaliyoondolewa. Watu wanadhani toleo jipya ni lile la zamani na nyongeza. Siyo hivyo. Flashi ya juu ya D3100 ina nguvu ya kipimo cha 12, ya D3500 ni 7 (namba ikiwa kubwa, mwanga unafika mbali). Kwa mwanga ni karibu theluthi moja ya ile ya zamani. Ukiwa ISO 400 na f/5.6, flashi ya D3100 inafika mita 4 na zaidi kidogo, ya D3500 inaishia mita 2 na nusu. Kwenye meza ya maharusi hiyo ni tofauti ya kusimama mbele ya watu au nyuma yao. D3100 ina mtikiso wa kusafisha sensa unapowasha na kuzima. D3500 haina, na kwa vumbi la barabara zetu za ndani huko Goba na Chanika, nukta nyeusi angani kwenye picha zake zinatokea mapema. Tunabadilisha lenzi tukiwa tumeielekeza bodi chini, ndani ya gari, feni imezimwa.

Betri: D3100 kwa kipimo cha kiwandani ni picha 550, D3500 ni 1550. Kipimo hicho hupigwa flashi ikiwaka kwa nusu ya picha, kwa hiyo naamini sehemu ya hiyo faida imetokana na flashi kudhoofishwa. Hata hivyo ni faida ya kweli. Umeme ukikatika Ijumaa usiku na kazi iko Jumamosi asubuhi, D3500 haikupi presha. Betri za kamera hizi ni za umbo moja na zinachajiwa na chaja ileile ya MH-24, jambo lililotuokoa hela. Bodi ya D3500 peke yake ni gramu 365, ya D3100 ni 455. Saa sita shingoni, gramu hizo mtu anazihisi.

Simu: D3500 inatuma picha kwenye simu kwa Bluetooth, na kwa kawaida inazipunguza hadi megapikseli 2, ambazo kwa status zinatosha. D3100 haina kitu hicho, ni kutoa memori kadi. Video sitaisema sana, kwa sababu zote hazina tundu la maiki ya nje. Ya zamani inapiga 1080 kwa fremu 24 kwa sekunde, mpya inafika 60.

Lenzi ndipo mnunuzi anapotakiwa kuwa macho. D3500 mara nyingi ilikuwa inauzwa na lenzi ya boksi yenye herufi AF-P. Lenzi hiyo ukiivalisha D3100 haifokasi kabisa, hata ukizungusha pete kwa mkono, kwa kuwa pete yake inaendeshwa na umeme na bodi ya zamani haina lugha hiyo. Inaingia vizuri, inakaza, picha inapiga, lakini haifokasi. Kwa D3100 tafuta iliyoandikwa AF-S. Na kwa bodi hizi zote mbili, lenzi za zamani za AF zenye herufi D mwishoni, kama 50mm f/1.8D, hazitafokasi zenyewe kwa sababu bodi hizi hazina mota ndani. Utazungusha kwa mkono. Duka likikuambia "inaingia hii, dada," jibu ni kwamba kuingia siyo kufokasi. Ivalishe hapohapo, lenga mlango, bonyeza nusu, sikiliza.

Kwa kuwa D3100 utaipata mtumba tu, nenda na memori kadi yako na tochi ya simu. Mwombe kwa heshima: "Kaka, naomba nipige moja kwa kadi yangu." Muuzaji anayejua mali yake ni nzima hakatai. Washa tochi nyuma ya lenzi uitazame kwa mbele ukiinamisha huku na huku. Ukiona nyuzi kama za buibui ndani ya kioo, hiyo ni fangasi, na joto letu hili la pwani na unyevu wake litailisha. Iache hata ikishushwa bei. Kisha piga ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya sensa. Ile picha usiifute. Nikon huandika ndani ya faili idadi ya mara ambazo shata imefunguka, na zipo programu za bure kwenye kompyuta zinazoisoma. Mimi namwambia muuzaji nitarudi jioni, naenda kusoma kwanza.

Ukishainunua, usiitunze kwenye begi lake. Kontena la plastiki la chakula lenye mfuniko unaobana, na vile vifuko vya kukausha unyevu ambavyo huja kwenye maboksi ya viatu, vingi. Na ukitoka kwenye gari au ofisi yenye kiyoyozi kule Posta, iache kamera ndani ya begi lililofungwa zipu hadi ipate joto la nje. Ukiitoa ghafla, kioo kinajaa mvuke, na mvuke huo ukiingia ndani ya lenzi mara kwa mara ndio unaoleta zile nyuzi.

Kwa sasa tunagawana hivi. Ukumbini D3100 inavaa 35mm na inakaa kwangu, mdogo wangu na D3500 anapiga safu na mapambo kwa 18-55. Ufukweni na kanisani mchana tunabadilishana bodi. Tunachodundulizia siyo bodi ya tatu. Ni flashi ya nje, maana kiatu cha flashi cha kamera zote mbili ni kimoja na itafanya kazi kotekote, na ule udhaifu wa flashi ya D3500 utakuwa umekwisha.